Hasara ya miaka mitatu, na makaratasi yaliyochelewa

Maneno ya kamati ya makaratasi kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika na kwa ajili ya wafadhili wetu walio mbali.

Mwenyekiti ametupa dakika ishirini. Tukizipita mtuvumilie, sababu hii maneno ya kodi ya Marekani haiingii kichwani mara moja. Sisi wa kamati wenyewe ilituchukua miezi, na mara mbili tulikosea hesabu na kuanza upya.

Tunajua wengi wenu mlirudi kutoka Zambia ao Tanzania, na Marekani hamkuikanyaga. Mtauliza: hii inatuhusu nini? Kwanza, makuta ya kese yetu ilitumika hapa, na kila mtu aliyeweka franka yake ndani ya kese ana haki ya kujua ilienda wapi. Pili, watoto wenu wako kule. Kati yao kuna wanaoendesha kamio, kuna wanaosafisha maofisi usiku, kuna mama anayelea watoto wa wengine nyumbani kwake. Wote hao Leta ya Marekani inawahesabu kuwa wafanyabiashara, hata kama wenyewe wanajiona wafanyakazi tu. Tena wengi wao siku moja watarudi hapa, na watarudi na sanduku la barua ambazo hawakuzifungua.

Kuna mwenzetu aliyeturuhusu kusimulia mambo yake bila kumtaja jina. Tutamwita Dereva tu. Aliishi Iowa na mke wake na watoto. Miaka ya kwanza alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na kila mwaka kodi yake ilipelekwa kwa wakati. Mwishoni mwa 2019 akaacha kiwanda. Mwaka 2020 akanunua kamio ya mtumba kwa dola 46,000, akafungua LLC ya mtu mmoja, akaanza kubeba mizigo. Mwaka huo aliingiza dola 41,000. Mafuta, asiransi, matairi, matengenezo na gharama zingine vikala 39,000. Mwaka 2021 injini ikakufa: aliingiza 58,000, akatumia 67,000. Mwaka 2022 hasara tena, dola 6,000. Mwaka 2023 ndio akapumua, akapata faida ya 40,000.

Kwa miaka hiyo yote minne hakupeleka karatasi hata moja kwa IRS, ile idara ya kodi ya Marekani. Tulipomuuliza sababu, alijibu neno ambalo tumelisikia kwa wengi: “Nilikuwa na hasara. Mtu wa hasara anadaiwa nini?” Na yule mtu aliyekuwa akimtengenezea kodi zamani alimwambia hivyo hivyo, kwamba bila faida hakuna haja.

Hapo njo kosa la kwanza. Kwa mtu wa biashara, Leta haianzi kwa kuangalia kilichobaki mkononi. Inaangalia kilichoingia, mbele ya mafuta na matairi. Ukiingiza dola 41,000, una wajibu wa kupeleka karatasi, hata kama mwisho wa mwaka uko chini ya sifuri.

Kosa la pili ni baya zaidi. Makampuni yaliyompa mizigo yalipeleka kwa IRS karatasi 1099 zinazosema: huyu tulimlipa kiasi fulani. IRS inayo hiyo, lakini resi za mafuta haina. Mtu akikaa kimya, IRS inaweza kumtengenezea karatasi yenyewe, kwa kutumia ile 1099 peke yake. Hakuna injini iliyokufa ndani yake, hakuna asiransi, hakuna mke na watoto. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka 2021. Walichukua dola 58,000 zote kama faida. Sisi wenyewe tulirudia hesabu yao: kodi ya kujiajiri karibu dola 8,200, na kodi ya mapato zaidi ya 4,800. Jumla inapita dola 13,000, mbele ya adhabu na riba. Huo ni mwaka ambao mtu alipoteza 9,000.

Barua ilikwenda kwa adresi ya zamani, Iowa. Dereva alikuwa amekwisha kurudi hapa Lubumbashi. Mpwa wake aliikuta kati ya karatasi za matangazo, akaipiga picha, akaituma kwa telefone. Barua ilitoa siku 90, na siku karibu hamsini zilikuwa zimekwisha. Mwenye kuhama na aandike fomu 8822, karatasi fupi tu, ya kuwapa IRS adresi mpya. Barua kama ile ikitumwa kwa adresi ya nje ya Marekani, siku zinakuwa 150 badala ya 90. Tena mjue: hizo siku ni za kwenda mbele ya mahakama ya kodi. Kutuma maelezo kwa posta hakuzisimamishi. Sisi hatukulijua hilo, siku zikapita, deni likaandikwa. Ilibidi tupite njia ndefu, ya kuwaomba waangalie upya kwa kuwapelekea karatasi ya kweli ya mwaka ule.

Sasa tuingie ndani ya hesabu. Hapa tunaomba muwe pole pole na sisi.

Sheria ya Marekani inakubali kwamba hasara ya biashara ya mwaka mmoja inaweza kupunguza kodi ya mwaka mwingine. Jina lake ni refu. Sisi katika kamati tunaiita hasara ya kubeba, maana unaibeba toka mwaka hadi mwaka kama mzigo kichwani. Wengi wanafikiri hasara iliyo kwenye jedwali C la biashara ndiyo hiyo hiyo hasara ya kubeba. Hapana. Kwanza hasara inakula mapato mengine ya mwaka ule ule. Mwaka 2020, Dereva alikuwa na hasara ya 44,000 (tutaeleza hiyo namba baadaye), lakini mke wake alipata mshahara wa 20,000. Wanapeleka karatasi moja kama mume na mke, kwa hiyo mshahara ulimeza 20,000 ya ile hasara. Iliyobaki ya kubeba ni 24,000. Na lile punguzo la kawaida ambalo kila mtu anapewa haliongezi hasara. Yule mtu wa kwanza aliyetusaidia alilijumlisha, akapata hasara ya kubeba karibu 49,000. Tulifurahi sana siku hiyo. Furaha haikudumu wiki moja.

Mwaka 2021 na 2022 mke hakufanya kazi, alikuwa na mtoto mchanga. Hasara ya kubeba ikawa ile ile ya biashara: 9,000 kwa 2021, 6,000 kwa 2022.

Sasa, hasara zikifuatana, mtu anajaribiwa kuziunganisha. Anachukua hasara ya 2021 na kuiweka kama gharama ndani ya biashara ya 2022, ili 2022 ionekane na hasara ya 15,000. Usifanye hivyo. Kila mwaka una hasara yake, inahesabiwa peke yake, na karatasi yake inawekwa peke yake. Ni kama magunia ya mahindi yenye alama ya mwaka: hauyamwagi pamoja. Siku faida ikija, gunia la zamani zaidi linafunguliwa kwanza. Na hauchagui siku ya kulifungua. Mwaka wa kwanza wenye mapato ya kutozwa ndio unaokula, upende usipende. Mtu akisema “mwaka huu faida ni ndogo, nitaificha hasara yangu nikapate kuitumia mwaka mkubwa,” Leta itahesabu kwamba ilikwisha kuliwa katika mwaka mdogo, hata kama yeye hakuiandika.

Njo maana karatasi zilizochelewa zinatengenezwa kuanzia mwaka wa zamani kuja huku. Tuliona mtu aliyeanza na mwaka wa juu kwa sababu ndio uliokuwa na barua ya vitisho. Halafu akalazimika kuurekebisha mara mbili, kila mara mwaka wa chini ulipobadilika.

Kumbe kuna shimo ambalo hatukuliona kabisa, nalo ni la miaka 2018, 2019 na 2020.

Mbele ya 2018, hasara ilirudi nyuma miaka miwili, halafu ikaenda mbele miaka 20. Sheria ya mwisho wa 2017 ilifunga mlango wa nyuma, isipokuwa kwa wakulima, na ikafungua wa mbele bila mwisho. Kisha corona ikaja. Machi 2020 wakapitisha sheria ya CARES, na kwa hasara za 2018, 2019 na 2020 wakafungua tena mlango wa nyuma, miaka mitano. Ilikuwa msaada kwa wafanyabiashara: unapeleka hasara yako nyuma, kwenye mwaka uliolipa kodi, unarudishiwa makuta. Asiyetaka kurudi nyuma aliweza kusema hapana, lakini ilibidi aseme ndani ya muda wake. Kwa hasara ya 2020, ilitakiwa iandikwe kwenye karatasi iliyopelekwa kwa wakati.

Dereva hakupeleka kwa wakati. Kwa hiyo hakusema hapana. Na asiyesema hapana, hasara yake ya 2020 inarudi nyuma kwa sheria, mpaka 2015, halafu 2016, na kuendelea. Mapato ya kiwanda cha nyama ya miaka hiyo yaliimeza yote 24,000. Je, alirudishiwa makuta ya kodi ya 2015? Hapana. Muda wa kuomba ni miaka mitatu toka siku ya mwisho ya kupeleka karatasi ya mwaka wa hasara. Kwa 2020, muda huo ulikwisha 2024, na sisi tulianza kazi 2025. Basi hasara ikaliwa na miaka ya zamani, na miaka ya zamani haikutoa kitu. Dola 24,000 za hasara, ambazo angeweza kuzibeba mbele mpaka leo, zilipotea hivi hivi. Mzee mmoja wa kamati aliposikia alitoka nje kuvuta hewa.

Na ile 44,000 ilitoka wapi, wakati kilichoingia kilikuwa 41,000 na kilichotoka 39,000? Ni kamio yenyewe. Miaka ile sheria iliruhusu bei yote ya chombo cha kazi ihesabiwe kama gharama ya mwaka wa kwanza, hata chombo cha mtumba. Haiombwi, inakuja yenyewe. Asiyeitaka, anayependa kuigawa bei kwa miaka kadhaa, ilibidi aseme hivyo, na hapa tena ni kwenye karatasi iliyopelekwa kwa wakati. Kwa mtu aliyechelewa ni mbaya mara mbili: kamio yote inaingia 2020, inafanya hasara kubwa, na hasara yote inarudishwa nyuma kuzikwa. Angepeleka karatasi kwa wakati, angeweza kuigawa ile 46,000, na sehemu nzuri yake ingemsaidia 2023. Hatusemi hii kumcheka Dereva. Tunaisema kwa sababu kati ya wana wenu walionunua kamio miaka ile, wengine nao bado wako kimya.

Basi zikabaki hasara mbili, 9,000 na 6,000. Tukafika 2023, mwaka wa faida ya 40,000.

Dereva aliamini hasara itafuta kila kitu. Haifuti. Wafanyabiashara wa Marekani wanalipa kodi mbili kwa karatasi moja. Moja ni kodi ya mapato. Nyingine ni kodi ya kujiajiri, ile ya uzee na matibabu, karibu 15.3% ya faida. Hasara ya kubeba haiigusi hii ya pili hata kidogo. Kwa faida ya 40,000, kodi ya kujiajiri ilikuwa dola 5,652, na ikabaki 5,652.

Kwenye kodi ya mapato, kwanza unatoa nusu ya ile ya kujiajiri, halafu punguzo la mume na mke la 2023, ambalo lilikuwa 27,700. Inabaki 9,474 ya kutozwa. Sasa unafungua gunia la 2021. Lakini kwa hasara za kuanzia 2018, hauruhusiwi kufuta zaidi ya 80% ya hayo mapato. Kwa hiyo tulitoa 7,579 tu. Ikabaki 1,895, na kodi yake haifiki dola 200. Katika gunia la 2021 kulibaki 1,421, na lile la 2022 halijaguswa, 6,000. Jumla 7,421 zinazokwenda 2024 na mbele, bila mwisho wa miaka. Nafuu za watoto tumeziacha kando hapa ili tusiwachoshe, lakini kwa 2023 zilisaidia sana.

Hasara iliyoletwa toka nyuma inaandikwa wapi? Kwenye jedwali la 1 la fomu 1040, mstari wa 8a, na alama ya kutoa. Haiandikwi kwenye jedwali C la biashara. Tunarudia sababu ndipo wengi wanapokosea. Na unaambatanisha karatasi inayoonyesha hesabu mwaka kwa mwaka. Siku hizi kuna fomu 172 kwa kazi hiyo.

Tukamaliza? Bado. Kuna kitu kilichopotea ambacho hakihusu hasara kabisa, na ndicho kilichomuuma mke wa Dereva zaidi. Mwaka 2020 mshahara wake ulikatwa kodi ambayo ingerudishwa yote. Mwaka 2021 kulikuwa na nafuu kubwa ya watoto, mpaka dola 3,600 kwa mtoto mdogo, hata kwa mtu asiyedaiwa kodi. Kulikuwa pia na yale makuta ya corona, kwa wale ambao hayakuwafikia. Makuta kama hayo yana mlango wa miaka mitatu. Wa 2020 ulifungwa Mei 2024, wa 2021 ulifungwa Aprili 2025. Kumbe ile “hasara, basi hakuna haja” ilimnyima mama huyu makuta ambayo yalikuwa yake. Alitwambia: “Mliniambia mapema, ningeuza hata sufuria nilipe mtu wa kuandika.” Hatukuwa na jibu. Wakati ule kamati hii haikuwako.

Kuhusu adhabu: kwa karatasi ya mtu binafsi, adhabu ya kuchelewa inahesabiwa juu ya kodi inayodaiwa, 5% kwa mwezi hadi 25%. Mwaka usio na deni, adhabu yake ni sifuri. Kwa hiyo 2020, 2021 na 2022 hazikuleta adhabu mara karatasi za kweli zilipofika. Mwaka 2023 ulileta. Tumeandika kuomba waiondoe, maana wanaruhusu kwa mtu ambaye miaka mitatu ya nyuma haina adhabu. Jibu bado. Deni lenyewe ameomba kulilipa kidogo kidogo kila mwezi.

Lakini ndugu wawili wenye LLC moja wasijifariji na hayo. Kampuni ya watu wawili inapeleka fomu 1065, na adhabu yake ni zaidi ya dola 200 kwa kila mwezi, kwa kila mshirika, hadi miezi 12, hata kama kampuni ilipata hasara tupu. Tuna wanachama wawili katika hali hiyo, nao wanajua tunasema nani.

Kuna mama aliyetuuliza habari ya binti yake kule Kentucky, anayeuza vitenge na amepata hasara miaka mitano mfululizo. Kwake shida ni nyingine. IRS inaweza kuuliza: hii ni biashara kweli, ao ni kupitisha wakati? Aliyepata faida katika miaka mitatu kati ya mitano anaaminiwa kwanza. Asiyepata lazima aonyeshe anaendesha kama biashara: konti ya banki ya peke yake, daftari, bei alizobadilisha, juhudi za kupata wateja. Akishindwa, hasara zake zinakataliwa, na mapato yanabaki ya kutozwa. Aanze daftari sasa, asingoje barua.

Wafadhili wetu wamedai kujua kwa nini mutualite ya watu waliorudi inalipia maneno ya kodi ya nchi nyingine. Jibu letu ni paspoti. Mwenzetu aliyechukua uraia wa Marekani bado anapeleka karatasi kule kila mwaka hata akiishi hapa Lubumbashi na kuuza mafuta ya mawese. Mwenye kadi ya kijani pia, mpaka airudishe kwa njia ya sheria. Deni la kodi likipita kiasi fulani, ambacho kilianza dola 50,000 na kinapanda kila mwaka, na Leta ikiwa imekwisha chukua hatua za kulikamata, inaweza kukatalia paspoti. Karatasi ya bandia ya 13,000 kwa mwaka, mara miaka minne, pamoja na adhabu na riba, inafika huko bila mtu kujua. Mtu akinyimwa paspoti hawezi kwenda kuona mtoto aliyebaki kule. Na kwetu sisi hawezi tena kuleta kamio ya mtumba, wala kutuma chochote kwenye kese.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono zaidi kuliko ya akili. Tuliomba kwa IRS orodha ya mapato yote waliyoandikiwa kwa jina lake, mwaka kwa mwaka. Inatolewa bure, kwa fomu 4506-T ao kwenye intaneti. Tukachukua karatasi za banki. Tukawaandikia makampuni ya mizigo watupe tena hesabu za malipo, ambapo mara nyingi mafuta na asiransi vimekwisha kukatwa na kuonyeshwa. Gereji iliyotengeneza injini ilikuwa bado na fakitire. Asilimia kubwa ya gharama ilirudi hivyo. Gharama ambazo hatukupata ushahidi wake hatukuziandika, hata Dereva aliposhikilia kwamba anazikumbuka.

Miaka mitatu ya karibu ilipelekwa kwa kompyuta. Ile ya 2020 na 2021 ilibidi iende kwa karatasi, kila mwaka bahasha yake, saini ya mume na ya mke. Tulituma kwa kampuni ya kusafirisha barua, tukaweka risiti ya kila bahasha, maana posta ya kawaida hatukuthubutu. Hapo njo makuta ya kese ilipotumika, na mwenye kese ana fakitire zote, mwanachama yeyote anaweza kuziona. Mwaka 2021 umekwisha kuangaliwa upya na deni lake limerudi sifuri. 

Wale wanaotengeneza kodi bure kwa kujitolea, kule makanisani na kwenye maktaba, hawapokei jedwali C lenye hasara. Msiwatume watoto wenu huko wapoteze siku. Kuna vituo vya msaada wa sheria ya kodi kwa watu wa mapato madogo, bure ao kwa malipo kidogo sana, vinavyosaidia hata mtu asiyejua Kiingereza vizuri, hasa akiwa na ugomvi na IRS. Nje ya hapo, tafuta wakala aliyeandikishwa na IRS yenyewe, na umuulize swali moja mbele ya kumlipa: hasara ya 2020 kwenye karatasi iliyochelewa inakwenda wapi? Akijibu “mbele” bila kuuliza chochote, aga kwa heshima.

Baada ya maneno haya, papa mmoja aliuliza: mwanangu amechelewa miaka kumi, apeleke yote kumi? Tulijibu kwamba kwa kawaida IRS inadai miaka sita ya mwisho. Lakini kama hasara anayotaka kuibeba ilizaliwa katika mwaka wa saba ao wa nane, basi huo mwaka auandike pia. IRS ina haki ya kuuliza mwaka wa zamani ili kuhakikisha hasara inayotumiwa leo, hata kama mwaka wenyewe umefungwa. Kwa sababu hiyo hiyo, resi za hasara hazitupwi baada ya miaka mitatu. Zinakaa mpaka gunia liishe, halafu miaka mitatu zaidi.

Mama mmoja akauliza kama picha ya resi kwenye telefone inatosha. Inatosha, ikisomeka.

Kamati inakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye nyumba ya katibu. Wenye makuta ya kurudishiwa ya mwaka 2023 wajue mlango wao unafungwa 15 Aprili 2027. Mlete barua zote, hata zile ambazo hamjazifungua. Hizo hasa.